Bega la Bi Kurwa

25 Machi

Masika yameingia leo bila ya kubisha hodi. Adhuhuri kulikuwa na jua la kuanika karafuu, alasiri maji yalikuwa yanateremka ngazini. Nimeziondoa mota zote dirishani nikazipanga juu ya meza ya duka, nikazifunika kwa kanga kama mikate inayosubiri kuumuka.

Duka nasema kwa mazoea. Ni chumba cha chini cha nyumba ya shangazi yangu, Bi Bahiya, hapa Kiponda. Babu aliuza vitambaa humu, na tokea afe hapauzwi kitu. Sasa ndimo ninamomtengeneza mwanasesere wangu. Leo amepata kichwa. Ni cha mpira, sura ya bibi mtu mzima, kope zinafumba na mdomo unafunguka. Mwili wake bado ni vyuma na nyaya, na kila nikimtazama nasikia haya, kama niliyemfungulia mtu mlango anaoga.

Juu, shangazi yumo edani. Mumewe, Mzee Msabah, alifariki kabla ya Ramadhani. Alikuwa fundi mashine wa meli, mtu wa Tumbatu, mpole, msemaji mdogo. Kwa hiyo shangazi hatoki mpaka mwezi wa sita. Havai nguo za kupendeza, hajifukizi udi, hatii wanja. Na huyu ni mwanamke ambaye maisha yake yote hakupitwa na arusi. Naishi naye tokea wazazi wangu walipohamia Maskati, na siku zote nilimdhani mtu wa nguo na vicheko basi. Sasa namsikia anakwenda kutoka dirisha hili mpaka lile, na mbao za dari zinanieleza alipo.

28 Machi

Mvua. Mota ya shingo imeungua. Sikuzungumza na mtu.

31 Machi

Anuar amekuja kutoka Tunguu na mota nyingine. Tulisoma pamoja chuoni. Yeye anaandika programu, mimi najenga. Kwa ajili ya eda hapandi juu. Akitaka maji anagonga ngazi kwa bisibisi, nami naleta.

Niliandike wazo letu hapa, maana nikilieleza kwa mdomo watu hunitazama kwa huruma. Mwanasesere atakaa barazani. Kamera itamwonesha mubashara mtandaoni. Watazamaji wataandika neno moja moja: geuka, salimia, cheka, kataa, cheza. Kompyuta itahesabu, na neno lililoandikwa na wengi ndilo mwili wake utakalolitii. Hapatakuwa na mtu mmoja wa kumwendesha. Anuar anasema ni mchezo mzuri. Mimi nataka kujua watu wasiojuana wakipewa mkono mmoja wataunyanyua vipi, na kwa nini jambo hili linaninyima raha sijui.

4 Aprili

Shangazi ameshuka. Anuar hakuwepo, na mlango wa njiani ulikuwa na komeo. Alisimama ngazi ya mwisho, mkono kiunoni, akamkagua mwanasesere kama anayenunua mbuzi wa Idi. Nikawasha mabega.

"Huyu kazeeka au kateguka?" akauliza.

Nikamwambia mabega ndiyo sehemu ngumu.

"Bega lake linakwenda kama gari la ng'ombe. Bega halinyanyuliwi, Khawla. Unaliacha liende, halafu unalirudisha kama kitu ulichokuwa umekisahau."

Akakaa juu ya kasha la vitambaa akanionesha. Bega moja tu, la kulia, amekaa vile vile, bila ya ngoma, bila ya kicheko. Halikuchukua muda. Shangazi nimemwona akicheza arusi nyingi, na kila mara nikiangalia pembeni kwa haya, kwa sababu wanawake wote wa mji wanalijua bega lile na wanapiga vigelegele kabla halijafika. Leo niliangalia kwa kuwa nilihitaji vipimo. Nikaona kwamba ni kitu kigumu, mtu hakipati mpaka akisomee, kama hati nzuri. Nikamwomba arudie. Akarudia. Kisha akawa kama aliyezinduka, akainuka, akapanda juu bila ya kuniaga.

5 Aprili

Bega limekubali.

11 Aprili

Leo bunda limerushwa kutoka juu ya ngazi likaniangukia miguuni. Ndani yake mlikuwa na buibui la shangazi, lile la zamani la kufunga kwa kamba, jeusi lililokwishapauka kidogo mabegani. Sauti ikafuata: mbona simvishi, stara ni stara hata kwa mpira, na yeye hana pa kwenda nalo.

Alasiri, Anuar alipoondoka, alishuka akamvisha mwenyewe. Akafunga kamba, akavuta ukaya upande wa kushoto ukafunika nusu ya uso, akausukuma nyuma ya sikio kwa kidole kimoja. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni nikaangalia. Walikuwa wanawake wawili wa umbo moja. Nilifurahi sana, na furaha ile naiandika kama ilivyokuwa: niliona kazi yangu imekuwa nzuri.

18 Aprili

Tumeanza. Tulimkalisha barazani baada ya sala ya alasiri, mvua imekatika, njia inanuka chokaa iliyorowa. Kwanza watazamaji walikuwa Anuar na binamu zake. Halafu wakaingia watu wa Maskati, Dubai, Mombasa, mmoja London aliyesema kwao baridi na anataka tu kusikia sauti za njiani. Wao ndio waliompa jina, Bi Kurwa. Wakauliza Doto yuko wapi.

Bwana Jaku, muuza kahawa, alipita na deli lake. Akampa shikamoo kwa adabu zote, akangoja. Watu wakagawanyika mtandaoni, wengine wanaandika salimia, wengine kataa, na kwa sababu watukutu huandika haraka zaidi, Bi Kurwa akatikisa kichwa. Jaku akasimama pale na aibu yake. Akanung'unika kwamba watu wazima wa siku hizi hata marahaba wanaitia bei, akenda zake. Anuar alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nilicheka.

22 Aprili

Umeme ulikatika mkono ukiwa juu. Bi Kurwa alikaa hivyo mpaka magharibi, kama anayekula kiapo.

25 Aprili

Nimemfungulia shangazi akaunti katika simu yake. Aliniuliza mwenyewe, kwa njia yake ya kuuliza, akiangalia dirishani: na hao wa London wanaingiaje, mtu lazima awe mbali? Nikamwambia hata aliye juu ya ngazi anaweza. Akataka aitwe Doto.

Sasa kila alasiri anakaa juu na simu, na sisi tuko chini, na kicheko chake kinapita kwenye dari. Mapenzi yake ni salimia. Akipita mtu mzima njiani anaandika salimia mara nyingi mfululizo, lakini mmoja ni mmoja. Mara nyingi anashindwa, na hapo nasikia ulimi unagongwa kwa hasira.

Nilitarajia umati utakuwa na akili ya wote pamoja. Naona una akili ya mtu mmoja aliyechoka asiyependa kungoja. Hata hivyo siku nyingine, mara moja tu, Bi Kurwa hufanya jambo zuri ambalo hakuna mtu angelifikiria peke yake. Jana alimfuata paka kwa macho, polepole, mpaka paka akapotea. Watu wote wale waliandika geuka, kimya, bila ya mzaha. Nilitaka kulia.

1 Mei

Leo Bi Mwanakheir amepiga simu. Ni dada wa Mzee Msabah, mkubwa wake, anakaa Tumbatu. Shangazi alizungumza naye kwa sauti ambayo mimi sijapata kuisikia, nyembamba, kama ya mwari.

Baadaye aliniita juu akanieleza. Kwa kina Msabah, mjane hatoki edani peke yake. Dada wa marehemu huja akamwosha, akamvisha, akamshika mkono akavuka naye mlango mbele ya watu. Asipokuja, hakuna anayesema neno, lakini kila mtu amesikia: ukoo wa mume haukuikubali eda. Mume wao hakuliliwa.

Nikamuuliza kwa nini Bi Mwanakheir asije.

"Hunipendi wewe tu unayenijua mwaka wa kumi," akasema, na alikuwa anatabasamu, "sembuse yeye? Tulipooana, watu wetu walisema mie ntamchoka. Watu wake wakasema yeye atanichoka. Tuliwashinda wote. Imebakia hii moja, Khawla. Naitaka kuliko chochote. Nataka wifi yangu anishike mkono."

Nikashuka chini nikakaa mbele ya Bi Kurwa bila ya kumwasha. Hunipendi wewe. Alisema kama anayetaja hali ya hewa, na mimi sikukanusha kwa wakati.

3 Mei

Mvua kutwa. Dari la duka linavuja. Bi Kurwa amevaa ndoo.

9 Mei

Tumempeleka Forodhani. Lilikuwa wazo la Anuar, na nilikubali upesi. Kulikuwa na upenyo wa jua baada ya siku nyingi, na mji mzima ulikwenda kukaa bustanini. Tulimpakia kwenye gari la mkono chini ya turubali, tukamkalisha juu ya benchi karibu na wauza mishikaki, moshi unapita mbele yake, na mimi nikajificha nyuma na kompyuta mapajani kama mwizi.

Ilikuwa alasiri njema kuliko zote. Watoto walikuja kumshika mkono. Watalii walimpiga picha. Watazamaji wakazidi, na wakazidi tena, na walikuwa wapole: salimia, salimia, cheka. Halafu, kabla ya magharibi, kundi la kidumbak likaanza kupiga upande wa pili wa bustani. Fidla kwanza, halafu zile ngoma ndogo.

Nikaona neno linakuja kutoka kila pembe ya dunia kwa mkupuo mmoja. Cheza. Cheza. Sijapata kuwaona wakikubaliana hivyo.

Bega likaenda. Likarudi kama kitu kilichosahauliwa.

Mwanamke mmoja mtu mzima aliyekuwa anakula urojo alipiga kigelegele na bakuli mkononi. Wengine wakamjibu. Bi Kurwa alicheza amekaa, ukaya umefunika nusu ya uso, moshi mbele yake, na nikasikia fahari imenijaa kifuani. Mimi, ambaye sijapata kucheza mbele ya mtu.

10 Mei

Usingizi mpaka adhuhuri. Anuar amenunua mikate ya mayai ya kusherehekea.

11 Mei

Kuna mtu alirikodi kutoka mbali. Kipande kifupi, kinatetemeka. Kamera yangu haionekani, waya hazionekani. Unaona benchi, moshi, buibui la kamba, ukaya upande wa kushoto na bega ambalo mji mzima unalijua. Chini yake ameandika: mjane wa Msabah Forodhani, eda imempwaya.

Kimeingia katika kila grupu la simu. Mama amenipigia kutoka Maskati kabla ya kifungua kinywa kuuliza kama shangazi amerukwa na akili.

12 Mei

Nimejibu kila mahali nilipoweza kujibu. Naandika: ni mwanasesere, ni wangu, njooni mmwone. Watu wanaweka alama ya kicheko. Mmoja amesema hata mimi ningesema hivyo kama ni shangazi yangu.

Wako wanaoamini, na hao ndio wabaya zaidi. Wanasema: sawa, ni mpira. Lakini nguo ni za nani?

13 Mei

Shangazi ameniomba nimwoneshe. Ameangalia mara moja, akanirejeshea simu, akasema moshi ulikuwa mwingi. Hajashuka chini tena.

16 Mei

Bi Mwanakheir amekuja.

Hakupiga simu. Nilifungua mlango nikamkuta amesimama mvuani na mwavuli uliovunjika ubavu, mwanamke mrefu kuliko nilivyomkumbuka kutoka matangani, uso wa kaka yake uliokazwa zaidi. Nikampa shikamoo. Akasema marahaba, akavua viatu, akavipanga, akaingia. Nikamwambia chai iko tayari, akasema hakuja kunywa chai, yuko wapi huyo mtu wenu.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa saa hii. Nikafunua turubali, nikainua buibui, nikamwonesha mota, nyaya, chuma cha uti wa mgongo. Nilieleza vizuri. Naeleza vizuri siku zote. Nikasema kwamba hakuna mtu mmoja anayemwendesha, kwamba ni watu wengi walio mbali, na yaliyotokea Forodhani hayana mwenyewe.

Aliniacha nimalize. Akaushika mkono wa Bi Kurwa, akaupima uzito, akaurejesha pajani taratibu, kama mkono wa mgonjwa.

"Nilijua si yeye," akasema. "Mtu anapumua, hiki hakipumui. Watu wa kwetu wamedanganyika, mie sikudanganyika. Nimepanda boti kwa jengine. Bega hili limeingiaje humu?"

Nilikuwa na uongo tayari. Nilikuwa nao toka juzi, umekamilika kama mota mpya: kuna mikanda ya arusi za zamani, nilichukua humo. Hata mdomo nilikwishaufungua.

"Nilimpa mie."

Shangazi alikuwa ngazini. Amevaa dera lake jeupe lililofuliwa mpaka likawa laini, kichwa kimefungwa, uso hauna kitu. Akateremka mpaka chini.

"Hapo hapo kwenye kasha," akasema. "Nilikaa nikamwonesha mtoto namna ya kufanya. Na buibui nililifunga kwa mkono wangu."

"Katika eda," alisema Bi Mwanakheir.

"Katika eda."

Mvua ilikuwa inapiga ndoo niliyoiweka chini ya dari. Nilidhani yamekwisha. Yangeweza kuishia hapo, na nadhani yangesameheka: mtu mzima alimwonesha mtoto kazi. Lakini shangazi hakuacha.

"Na siku ya Forodhani, wifi, nilikuwa na simu. Khawla hajui. Mie pia naandika, kama hao wengine."

"Ukaandika nini?"

"Nikaandika cheza."

Bi Mwanakheir akakaa juu ya kasha.

"Walikuwa wengi," nikasema mimi. "Hata asingeandika yeye…"

"Wewe nyamaza, mwanangu," akasema shangazi, bila ya ukali. Alikuwa anamtazama wifi yake. "Nilisikia fidla kwenye simu, nikaandika kabla sijafikiri. Nikaona bega langu linakwenda, nami nimekaa. Kaka yako, nikirudi arusini, hata iwe nimechelewa vipi, alikuwa hajalala. Alikuwa ananambia, hebu nioneshe ulivyowatesa wenzio. Namwonesha. Halafu ananambia, basi, keti, umechoka. Kila arusi. Sasa lile lidude likacheza, likacheza, na hapakuwa na mtu wa kuliambia keti. Hapo ndipo nilipojua kama kafa, wifi. Siku ile ya maziko sikujua."

Nikaangalia sakafu. Nilisikia Bi Mwanakheir akivuta pumzi kwa pua, mara moja, kwa nguvu.

"Nimesikia," akasema. Akainuka, akavaa viatu, akatoka na ule mwavuli wake. Hakusema kama atakuja. Hakusema hatakuja.

17 Mei

Ninaandika tena kwa sababu jana sikumaliza.

Mamia ya watu waliandika cheza. Nimetengeneza chombo ambacho uzuri wake wote, kwa maneno yangu mwenyewe, ni kwamba kinachofanyika hakina mwenyewe. Nilimweleza hivyo Bi Mwanakheir nikijiona nimesema kitu cha akili. Na katika mamia yale ni mmoja tu aliyesimama akasema ni mimi, na ndiye aliyekuwa na cha kupoteza.

Mtu wa nguo na vicheko basi. Nimekwenda juu nikafuta hayo yaliyomo kichwani mwangu kwa kumpelekea uji. Akasema una chumvi.

23 Mei

Nimefanya nilichoweza. Tulimweka Bi Kurwa barazani kama kawaida, watazamaji wakaja kwa wingi kuliko siku zote, kwa sababu ya lile balaa. Halafu mimi, ambaye sijapata kuonekana hata ukucha, nikaingia mbele ya kamera. Nikamvua ukaya, nikamvua buibui, nikalikunja. Nikawaonesha vyuma. Nikasema jina langu. Nikasema bega lile nimelichukua kwa mwanamke aliyefiwa, nikalipeleka Forodhani bila ya kumuuliza yeye wala mtu yeyote kama panafaa, na kila anayekisambaza kipande kile anamsambaza mtu ambaye hakutoka nyumbani kwake.

Nikiwa katikati ya maneno wakaanza kuandika. Kataa. Kataa. Bi Kurwa akiwa uchi wa nyaya akanigeukia akawa anatikisa kichwa, kushoto, kulia, kila nikisema neno. Naomba radhi, nasema; anatikisa kichwa. Nimekosa, anatikisa. Jaku alikuwa amesimama na deli lake, ameduwaa. Anuar alishika waya wa umeme akaniuliza kwa macho, azime? Nikamwashiria aache. Nikasema mpaka mwisho. Ni jambo la ajabu kuomba radhi huku unakataliwa na kitu ulichokijenga mwenyewe, lakini naona ndivyo inavyopaswa kuwa. Kuomba si kununua.

Watu wakaondoka mmoja mmoja. Walipenda kutojua. Nimelifuta neno cheza katika programu, na bega nimelifungua nikaweka mota zake katika mfuko.

Jaku akamimina kikombe cha kahawa akanipa. Akasema kumbe yule bibi hakumdharau.

27 Mei

Idi. Mbuzi wa jirani alilia usiku kucha kisha akanyamaza. Shangazi hakubadilisha nguo. Hakuna simu kutoka Tumbatu.

2 Juni

Mvua nyembamba. Hakuna simu.

8 Juni

Hakuna simu. Watu hawakileti tena kile kipande. Sasa kuna kingine, cha mtu mwengine, maskini.

Nimekaa na shangazi juu tangu asubuhi, tunachambua mchele. Nimekuwa nikikaa naye. Nimegundua kwamba anachekesha zaidi asipojaribu, na kwamba kila mtu anayepita chini anamjua kwa kikohozi. Nikamwambia Bi Mwanakheir asipokuja, mimi nitamshika mkono nitoke naye.

"Wewe?" akasema. "Mie nimekaa ndani kwa eda. Wewe umekaa ndani kwa nini?"

Akanisogezea sinia akasema nisiache chuya.

13 Juni

Leo ndiyo siku. Kumekucha jua kali, mji umeoshwa, kila ukuta unatoa mvuke.

Shangazi alikuwa tayari tokea alfajiri, amekaa kitandani na nguo zake mpya pembeni, hajaoga. Nilimuuliza kama nimtilie maji. Akasema bado. Saa tatu nikauliza tena. Akasema bado, na hapo nikaona mikono yake imeshikana yenyewe mapajani. Majirani walikuja wakakaa wakaondoka wakaacha mabakuli. Hakuna aliyeuliza kitu, na huko kutouliza ndiko kulikoniumiza. Ilipoadhiniwa adhuhuri akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, haya basi, mwanangu, nitilie hayo maji.

Nilikuwa na ndoo mkononi mlango ulipogongwa.

Bi Mwanakheir alikuwa amekuja na wanawake wawili wa kwao, wamebeba vikapu. Nikampa shikamoo, akaitikia, akasema boti imeharibika mashine Mkokotoni, na kwamba enzi ya kaka yake isingeharibika. Basi. Akanipokonya ndoo akapanda juu.

Wakafunga mlango. Nilikaa kwenye ngazi nikisikiliza maji yanamwagwa, kimya, maji tena. Sauti za chini chini. Mtu mmoja akalia, na sijui alikuwa nani kati yao, kwa sababu yule mwengine alikuwa anamwambia keti, basi, keti. Baadaye nikaitwa, nikajibu naam, nikaambiwa nilete makaa. Udi ukapanda darini, ukateremka ngazini, ukajaa nyumba nzima. Sikujua kwamba nyumba yetu ilikuwa imekosa harufu.

Akatoka amevaa kijani. Wanja umemkaa. Alikuwa amekonda, na mzuri, na mtu mzima kuliko nilivyomwacha. Wakateremka, Bi Mwanakheir mbele amemshika mkono. Nikafungua mlango mbao zote mbili.

Njia ilikuwa imejaa. Walikuja walioalikwa na wasioalikwa, na wengine, najua, walikuja kwa sababu ya kile kipande. Niliona simu moja imeinuliwa. Shangazi akafika kizingitini akasimama.

Akasimama sana. Watu wakaanza kutazamana. Mkono wangu ulijinyoosha wenyewe kumsukuma kidogo, kidogo tu, nikaurudisha. Bi Mwanakheir alikuwa amemshika vile vile. Hakumvuta. Akamwinamia karibu na sikio, lakini mimi nilikuwa nyuma yao hatua moja, nikasikia.

"Hapa hapana wa kukuandikia, wifi," akasema. "Nyanyua mguu."

Shangazi akaunyanyua. Ukatua katikati ya dimbwi. Akasema, kwa sauti ya kufika mwisho wa njia, kwamba masika yote haya, mtaa mzima huu, hakutokea mwanamme mmoja wa kuuzibua huu mtaro. Kigelegele cha kwanza kilipigwa na Bi Mwanakheir.

Wakashika njia. Nikatoka nyuma yao nikafunga mlango.